Sifa Alizoniandikia Haji

Niliajiriwa katika yadi ya Haji nikiwa na mimba ya binti yangu, na yadi ilipofungwa binti huyo alikuwa chuo kikuu. Katikati ya hapo sikufanya kazi kwingine kokote. Kwa hiyo siku aliponiketisha mbele ya kompyuta yake na kuniuliza, "Mathe, umefanya kazi wapi na wapi?" nilimtajia mahali pamoja, naye akabaki ameweka vidole juu ya herufi akingojea pa pili.

Haji alikuwa mwenye malori. Babake alifika Eldoret kutoka Wajir akiswaga ng'ombe wa kuuza, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa mjini, akaanza na lori moja kuukuu la kubeba mahindi. Mimi nilipofika, malori yalikuwa yamejaa yadi nzima. Nilikuwa karani wa safari. Kazi yangu ilikuwa kujua kila lori liko wapi, limebeba nini, na kama dereva amekula. Hilo la kula lilikuwa sharti la Haji. Aliamini kwamba dereva mwenye njaa hukata kona vibaya. Basi nilikuwa naongea na mwanaume mzima yuko Malaba na magunia mia tatu mgongoni, namuuliza kama mama mzazi, "Umekula? Umekula nini?"

Haji alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, hata mtu huyo akiwa ameketi mbele yake. Alisoma Kurani vizuri sana, lakini ujumbe wa simu aliniletea mimi nimsomee. "Soma hii, mama," alikuwa akisema akiniwekea simu mezani, nami nilimsomea hata mambo ya nyumbani kwake, mkewe akimwagiza nyanya na iliki. Nilikuja kujua nyumba yao imepungukiwa na nini kabla yeye hajajua.

Uchaguzi ule wa 2007 ulipoharibika tulikuwa tunaishi mtaa wa Huruma, chumba kimoja cha kupanga. Mimi ni mtu wa Kakamega. Mume wangu ni seremala, na kwao ni Nyahururu. Kabla ya siku zile jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu, nani anapenda ugali na nani anapenda mukimo. Matokeo yalipotangazwa, watu wa kabila la mume wangu wakaanza kuwindwa, na moshi ukaanza kuonekana upande wa barabara kuu. Asubuhi moja jirani yetu, mama aliyekuwa akiuza mboga, aligonga mlango, akaniangalia mimi, hakumwangalia mume wangu, akasema, "Mama, bwanako asikae hapa leo." Hakungoja nimuulize kwa nini. Alirudi kwake akafunga mlango.

Tulibeba mtoto, blanketi na sufuria ya wali iliyokuwa jikoni. Tulipitia vichochoro hadi yadi. Sikuwa nimempigia Haji simu. Nilidhani nitamsihi. Nilimkuta amesimama nje ya lango na kanzu yake, amekunja mikono.

"Mbona mmechelewa?" akasema. "Nimesimama hapa tangu saa kumi na mbili."

Tulilala ofisini, juu ya magunia matupu, kwa wiki kadhaa. Mkewe alituletea anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya tangawizi kila asubuhi. Binti yangu, ambaye hakuwa ameanza shule, alikuwa akiruka kutoka tairi moja hadi jingine siku nzima, na hadi leo ukimuuliza juu ya wakati ule atakwambia anakumbuka anjera. Nimeshukuru Mungu mara nyingi kwa hilo.

Mimi nilikuwa na simu. Malori yalikuwa yametawanyika barabarani, mengine Webuye, mengine Timboroa, moja karibu na Kericho, na kila mahali kulikuwa na vizuizi vya mawe na miti. Madereva walikuwa watu wa kila kabila. Kadi za simu ziliisha madukani, maana maduka yalifungwa, na tuliponusa kadi mahali tuliinunua kama dawa. Nilipiga nikisema maneno machache: "Uko wapi? Simama hapo kwa polisi. Usisonge mpaka nikuambie. Umekula?" Kisha nilimpigia anayefuata. Nilikuwa natetemeka mkono hadi nikawa naishika simu kwa mikono miwili. Haji alikaa kwenye kiti kando yangu akivuta tasbihi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananong'ona.

Madereva walirudi wote. Mmoja alirudi kwa miguu, bila lori.

Barabara ilipoanza kupitika kidogo, Haji alisema mume wangu apelekwe Nakuru kwa wifi yangu, maana hata yadini watu walikuwa wameanza kumuulizia. Alimlaza nyuma ya lori, chini ya turubai, katikati ya magunia. Halafu yeye mwenyewe akapanda mbele, kando ya dereva. Mkewe alimkatalia, wanawe walimkatalia kwa simu kutoka Nairobi. Aliwaambia, "Vijana wa barabarani wananijua. Wengine nimebeba mahindi ya baba zao." Walisimamishwa mara nyingi njiani. Kila mara Haji alishuka, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, akapanda tena. Mume wangu alinisimulia baadaye kwamba alisikia yote akiwa chini ya turubai, na kwamba kwenye kizuizi kimoja Haji aliongea sana juu ya bei ya mbolea.

Mume wangu alikaa Nakuru zaidi ya mwaka. Aliporudi hatukurudi Huruma, tulipanga upande mwingine wa mji, na maisha yakaendelea kama yanavyoendelea kwa watu walioamua kutoulizana maswali fulani.

Haji alizeeka goti kwanza. Wanawe walikuwa na biashara zao Nairobi, hawakutaka malori. Akaanza kuuza moja moja, na siku ya kuuza la mwisho akanipa kiti changu cha ofisini. "Chukua," akasema. "Hiki kiti kimekuzoea, hakitakubali mtu mwingine." Nilikipakia kwenye boda boda, mimi nyuma nimekikumbatia, na watu wa mjini walinicheka hadi nyumbani.

Nilitafuta kazi kwa njia niliyoijua. Nilivaa vizuri, nikabeba bahasha, nikapita ofisi moja baada ya nyingine. Wasichana wa mapokezi walinipokea kwa heshima, wakaniita mama, wakaweka bahasha yangu juu ya bahasha nyingine. Binti yangu alipokuja likizo akanikuta nimevua viatu, nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Mathe, siku hizi hakuna mtu anabeba bahasha," akasema. "Wanaotafuta wafanyakazi wako kwa mtandao. Wewe unaweka profaili, wao ndio wanakutafuta."

"Watanitafuta aje na hawanijui?"

"Ndiyo tunataka wakujue."

Tulianza na kichwa cha profaili, yale maneno machache yanayokaa chini ya jina. Nilimwambia aandike karani. Akakuna kichwa. Alinieleza kwamba mwajiri akitafuta mtu huandika neno la kazi anayoitaka, na mtandao unamletea wale walio na neno hilo, na kwamba hakuna mwajiri wa siku hizi anayeandika karani. Akaandika "Mratibu wa Uchukuzi na Usambazaji." Nililisoma mara kadhaa. Lilionekana kama cheo cha mtu mwenye dereva wake.

"Huyu si mimi," nikasema.

"Mathe, nani alikuwa anapanga malori yaende wapi?"

"Mimi."

"Basi ni wewe."

Picha ilikuwa kazi nyingine. Nilikuwa na picha za harusi za watu na picha za kanisani, zote nikiwa na kitambaa kichwani na sahani mkononi. Binti yangu alitaka koti la suti. Niliazima la rafiki yangu wa kwaya, ambaye ni mwembamba kuliko mimi, kwa hiyo ilibidi nisipumue sana. Tulienda mjini kutafuta ukuta safi. Tulipata mzuri wa benki, lakini kabla sijasimama vizuri askari akatufukuza, akidhani tunapiga picha mlango wao. Mwishowe tulipiga kando ya duka la rangi, ambako ukuta ulikuwa wa samawati.

"Tabasamu, lakini usicheke," binti yangu alisema. "Angalia kama unamwambia dereva ukweli."

Hilo nililielewa. Picha ikatoka nzuri. Mume wangu aliiweka kwenye simu yake na kuwaonyesha maseremala wenzake, akisema, "Huyu ndiye bosi wangu."

Tuligombana mahali pamoja tu. Tulikuwa tunajaza sehemu ya kueleza nilichofanya kazini. Binti yangu alikuwa amesikia habari za malori ya wakati wa ghasia kutoka kwa babake, na akaanza kuandika kwa furaha, vidole vikikimbia.

"Hii itawamaliza," akasema. "Mathe, hii inaitwa usimamizi wa dharura. Watu wanaisomea digrii!"

"Futa."

"Lakini ni kweli ulifanya."

"Futa. Watu walikufa. Siwezi kuuza hiyo."

Alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona uso niliokuwa nao wakati ule akiruka matairi. Akafuta herufi moja moja, pole pole, na akaenda kunitengenezea chai bila kuombwa.

Profaili ilikaa pale. Wiki zikapita. Nilikuwa naifungua asubuhi na jioni kama mtu anayechungulia mtego. Waliojitokeza ni mtu wa kuuza bima na kijana aliyeniuliza kama *mimi* naweza kumpa kazi. Binti yangu alisema kasoro ni moja. Kuna mahali ambapo watu uliofanya nao kazi hukuandikia sifa, na kwangu palikuwa patupu. Mwajiri akiona patupu hupita.

"Nani aniandikie? Nilikuwa na bosi mmoja maisha yangu yote."

"Basi yeye."

"Haji? Haji hasomi hata ujumbe wa simu!"

Lakini tulienda. Nyumba yao iko nyuma ya msikiti, ghorofa ya kwanza, na ngazi zile ndizo zilizomfanya asitoke sana. Tulimkuta sebuleni, goti limefungwa kitambaa, redio inaongea peke yake. Mkewe alitukumbatia, akamshika binti yangu mashavu, na kabla hatujakaa anjera ilikuwa mezani.

Nilieleza tulichokijia kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa naona haya. Kuomba mtu akusifu ni jambo gumu. Haji alisikiliza, akageukia binti yangu.

"Wewe msichana yangu, hao watu hawajui huyu mama?"

"Hawamjui, Haji."

"Sasa wanajua nani?" akauliza kwa sauti yake ya zamani, hadi paka akatoka chumbani.

Binti yangu alieleza kwamba hawezi kuandika sifa mpaka naye ajiunge. Haji alikubali kama mtu anayekubali kupimwa shati. Alipoulizwa kazi yake alisema hana kazi, amestaafu. Alipoulizwa zamani, alisema, "Nilikuwa na magari." Binti yangu akaandika "Mkurugenzi wa Uchukuzi, uzoefu wa miaka zaidi ya thelathini," akampiga picha na kofia yake, nyuma yake saa ya ukutani. Akamwambia sasa aseme anachotaka juu yangu, yeye ataandika kwa Kiingereza kizuri.

"Hapana," Haji akasema. "Kizungu yangu mimi ni ya kuuliza njia tu. Andika vile nasema."

Akafumba macho, akaanza, na binti yangu akaandika kila neno. Nimeyasoma mara nyingi nikayashika moyoni:

"Mimi ni mzee wa malori Eldoret. Huyu mama alifanya kazi na mimi tangu nywele yangu nyeusi. Hakuchelewa. Mimi nilichelewa, yeye alikuwa amefungua. Madereva wangu walikuwa wakali, yeye hakupiga kelele, kelele nilipiga mimi. Aliuliza kila dereva kama amekula. Wakati wa vita ya uchaguzi mimi niliogopa sana. Yeye pia aliogopa, nilimuona mkono. Lakini hakuacha simu. Madereva wote walirudi kwa watoto wao. Lori moja ilichomeka, hiyo ni chuma. Kama unataka mtu wa kukuambia maneno tamu, tafuta mwingine. Kama unataka watu wako warudi nyumbani, chukua huyu. Wallahi nimesema ukweli."

Binti yangu alisimamisha vidole. Akaniangalia kuniuliza kwa macho kama afute pale penye vita. Mimi nilikuwa naangalia kikombe changu. Haji hakuwa amesema lolote juu ya mume wangu, wala juu ya lango alilosimama akitungoja, wala safari ya Nakuru. Alikuwa amejisahau kabisa, akabaki na mkono wangu uliotetemeka. Kama ni mimi ningeandika, lingekuwa tangazo. Aliposema yeye, lilikuwa jambo lililotokea na yeye alikuwepo.

"Acha hivyo hivyo," nikasema.

"Na anjera haijaliwa," mkewe akasema. Tukala.

Kilichofuata hatukukitarajia. Baada ya siku chache Haji alinipigia simu, sauti imejaa kicheko hadi sikuelewa mwanzo.

"Mama, wananitaka Mombasa!"

"Nani, Haji?"

"Watu! Mjukuu yangu amenisomea. Wanasema wameona uzoefu yangu, niende interviu. Goti hii itafika Mombasa?"

Nilipomweleza binti yangu alijipiga paji la uso. Alipokuwa anamfungulia Haji profaili, aliacha alama ile inayowaambia waajiri kwamba mtu yuko tayari kwa kazi. Na uzoefu wa miaka thelathini ulikuwa umewavuta kama nyuki. Mimi niliyevaa koti la kuazima sikuona hata mmoja, na Haji aliyepigwa picha na kofia alikuwa akitafutwa pwani hadi bara. Nilicheka hadi machozi, lakini nakiri machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Tulitaka kuiondoa alama hiyo. Haji akakataa. "Wacha ikae kidogo," akasema. "Nina kazi nayo."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kila aliyemwandikia, Haji alimketisha mjukuu wake na kumjibu: mimi ni mzee, goti imekataa, lakini kuna mama mmoja Eldoret, soma nilichoandika juu yake. Sijui aliwaandikia wangapi. Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu, mwanamke aliyekuwa akiajiri kwa niaba ya kampuni ya kusambaza dawa na vifaa vya hospitali za mashambani. Walikuwa wanafungua ghala Eldoret na walihitaji mtu wa kupanga magari ya kwenda Plateau, Kapsowar, hadi Lodwar.

Mahojiano yalifanyika mjini, katika ofisi ambayo bado ilinuka rangi. Nilivaa nguo yangu mwenyewe ili nipumue. Mwanamke huyo alikuwa rika la mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa amechapisha profaili yangu, na nikaona kwamba hakuchora mstari chini ya kile cheo kirefu. Alikuwa amechora chini ya maneno ya Haji.

"Mama, huyu mzee anasema uliuliza madereva kama wamekula," akasema. "Kwa nini?"

"Ilikuwa sheria yake. Baadaye ikawa yangu."

"Wakati ule wa vita mimi nilikuwa shuleni Burnt Forest," akasema. Huko ndiko nyumba nyingi zilichomwa, nami sikumuuliza zaidi. Aligeuza karatasi, akaniuliza naweza kuanza lini.

Nilipita kwa Haji kabla ya kufika nyumbani. Nilipanda zile ngazi mbili mbili kama msichana. Nilipomwambia aliinua mikono akaomba dua, mkewe akapiga vigelegele dirishani hadi watu wa chini wakauliza ni arusi ya nani. Kisha Haji akamwita mjukuu, akamwambia sasa ile alama iondolewe, biashara imekwisha.

Alama iliondoka, lakini Haji hakuondoka mtandaoni. Alikuwa amegundua kwamba watu hutangaza humo wanapopata kazi au kupandishwa cheo, na kwake yeye haikuwezekana mtu atangaze heri na asijibiwe. Jumapili moja mimi na mume wangu tulipomtembelea, tulimkuta amevaa miwani mipya, mjukuu kando yake, wanafanya kazi hiyo kwa bidii. Mjukuu anasoma, Haji anatoa jibu. Mhasibu wa Kisumu asiyemjua alikuwa amepata kazi mpya benki.

"Mwandikie hongera," Haji akasema. "Mwambie asisahau mama yake." Akafikiri kidogo. "Na mwambie ale kabla ya kwenda kazini."

Mume wangu alivuta kiti akakaa karibu naye, akamuuliza kama kuna wengine wa kupongezwa.

"Wako wengi," Haji akasema, akimsogezea sahani. "Kaa. Tutamaliza jioni."